MIWANI YA KAZI KWA AKINA MAMA WALIOTIMIZA MIAKA 40

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)

  

Nimeombwa nizungumze juu ya huduma ya macho. Nitachukua sehemu moja tu ya huduma hiyo, ile ambayo haipigwi picha. Mtoto wa jicho akitolewa, mzee aliyeletwa kwa kushikwa mkono anarudi nyumbani akitembea peke yake, na sote tunafurahi kuona picha yake katika taarifa. Mama wa miaka 47 aliyeshindwa kutunga uzi kwenye sindano hana picha ya namna hiyo. Anatembea vizuri. Anamwona mbuzi wake ng'ambo ya bonde. Ukimuuliza habari za macho atakujibu kuwa ni mazima, na hasemi uongo, kwa sababu anachokosa ni zile sentimita 40 zilizo mbele ya uso wake, mahali mikono yake inapofanya kazi.

Ndani ya jicho kuna lenzi. Ujanani lenzi hiyo ni laini na inabadilisha umbo lake kadiri tunavyotazama mbali au karibu. Miaka inavyokwenda inakakamaa, na kufikia miaka 40 hivi wengi wetu huanza kusogeza kitabu mbali kidogo, halafu mbali zaidi, mpaka mkono unaisha. Hali hii si ugonjwa, wala haimaanishi kwamba mtu alisoma mno gizani au alipuliziwa kitu. Haiponyeshwi kwa matone wala kwa mizizi. Inampata Askofu na inampata mama muuza nyanya. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria kuwa watu milioni 826 duniani hawaoni vizuri karibu kwa sababu tu hawajapata miwani ya kufaa.

Hapa nchini tunacho kipimo chetu. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Kati ya watu wa miaka 40 na kuendelea waliopimwa, takribani 62 katika kila 100 walikuwa na tatizo hili, na wanawake walizidi wanaume. Waliokuwa na miwani ya karibu walikuwa 6 tu katika kila 100. Watafiti wale waliwauliza pia watu wanahitaji kuona karibu kwa ajili ya nini. Yakatajwa mambo ya kupepeta nafaka, kuchagua mchele, kupalilia, kushona, kupika, kuwavalisha watoto nguo, kuwasha taa na kurekebisha utambi wake. Ndugu wajumbe, tazameni orodha hiyo, halafu mniambie kitabu kiko wapi.

Nasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tunaiita "miwani ya kusomea". Jina hilo linatuharibia kazi. Mwinjilisti anaposimama baada ya ibada na kutangaza kwamba Jumanne kutakuwa na miwani ya kusomea, watakaofika ni walimu, watumishi wastaafu, wazee wa kanisa na katibu wa kijiji. Wengi wao ni wanaume na wote wanastahili. Lakini yule mama aliyeishia darasa la nne, au hakwenda shule kabisa, amesikia tangazo na ameelewa kuwa halimhusu. Yeye hasomi. Nyimbo za Mwimbieni Bwana anaziimba kwa moyo tangu utoto, hivyo hata kanisani hakuna anayetambua kuwa kitabu alichoshika hakioni. Anarudi nyumbani kuchagua maharage kwa vidole.

Naomba tukae kidogo kwenye maharage hayo. Anayeuza gulioni anajua kwamba mnunuzi huchota konzi moja, anaitandaza kiganjani na kutazama. Akiona kokoto mbili na punje tatu zilizotobolewa na wadudu, bei inashuka hapo hapo, na hakuna mjadala. Mama ambaye haoni tundu la mdudu hawezi kulitoa. Anabaki na mambo mawili: amwite binti amsaidie, na binti huyo anatakiwa awe shuleni, au auze kwa bei ya chini na kusema kuwa mwaka huu soko ni baya. Ni hivyo hivyo kwa mchele wa Mbarali na Kyela. Kwa wenzetu wa Iringa kuna vikapu vya milulu. Kikapu kizuri cha milulu hujulikana kwa ukaribu wa misuko yake na kwa ukingo uliofungwa vizuri, na mnunuzi wa nje huanza kwa kukagua ukingo. Ufundi wa kazi hiyo uko mikononi mwa akina mama wa makamo, waliousomea kwa bibi zao. Umri ule ambao mkono umekomaa ndio umri ambao jicho la karibu linaondoka. Mafundi cherehani mnawajua. Kwanza huacha kutengeneza vifungo na matundu yake, kisha hukataa vitambaa vyeusi, mwishowe cherehani hufunikwa kitambaa na kuwekewa maua ya plastiki juu. Matendo ya Mitume sura ya 9 inatueleza habari za Dorkasi wa Yafa na nguo alizowashonea wajane. Umri wake hatukuambiwa, lakini kila nikisoma najiuliza nani alikuwa akimtungia uzi.

Wageni wetu wafadhili huuliza, na wana haki kuuliza, kama miwani kweli inaongeza kipato au inaongeza raha tu. Kuna majibu mawili yaliyopimwa vizuri. La kwanza linatoka jimbo la Assam nchini India, kwa wachuma chai, na lilichapishwa mwaka 2018. Wafanyakazi 751 wenye miaka 40 na zaidi waligawanywa kwa kura. Nusu wakapewa miwani mara moja, nusu wakasubiri hadi mwisho wa utafiti. Kilo za majani zilipimwa kila siku kama kawaida ya shamba. Wenye miwani waliongeza uchumaji kuliko wenzao kwa kilo 5 na zaidi kwa siku, yaani karibu asilimia 22, na kwa waliovuka miaka 50 tofauti ilikuwa karibu asilimia 32. La pili ni la Bangladesh, lililochapishwa mwaka 2024. Watu 824 wa vijijini, wenye miaka 35 hadi 65, nao waligawanywa kwa kura. Baada ya miezi 8, kipato cha kati cha waliopewa miwani kilikuwa kimepanda kutoka dola 35 hivi kwa mwezi hadi dola 47, yaani theluthi moja, wakati cha wenzao kilibaki pale pale.

Sitaki mtu aondoke hapa akatangaze kwamba kila mama wa Mufindi na Rungwe ataongeza kipato kwa theluthi. Chai yetu haichumwi kama ya Assam. Baadhi ya mashamba makubwa yameingiza mashine za kuchumia, na mkulima mdogo wa Rungwe anauza kwa bei ambayo jicho lake halina uwezo wa kuibadilisha. Ninachojifunza kwenye takwimu hizo ni kitu kingine. Watu wengi waliopimwa hawakuwa wasomaji. Walikuwa wachumaji, wafumaji na washonaji, na faida ilionekana kwenye kilo na kwenye mfuko.

Pia kuna faida ambazo hazipimwi kwa kilo, na kwa mikoa yetu nadhani zina uzito zaidi. Mnakumbuka utafiti wa taifa wa UKIMWI wa mwaka 2016 hadi 2017: maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Nyuma ya takwimu hizo kuna bibi anayelea wajukuu. Anapewa dawa ya maji kliniki na bomba dogo lenye mistari myembamba, anaambiwa mililita fulani asubuhi na jioni. Muuguzi anamwonyesha vizuri. Nyumbani mistari haionekani. Anakadiria, au anamsubiri mjukuu wa darasa la tano arudi kumpimia mdogo wake. Na yeye mwenyewe ana vidonge vya presha, vyeupe vidogo, vinavyofanana na vidonge vingine vyeupe vidogo. Wenye mashamba ya viazi na nyanya waongeze hapo kibandiko cha dawa ya kunyunyizia, ambacho maandishi yake hata mimi nayasoma kwa shida.

Halafu kuna simu. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na leo fedha ya mwanamke kijijini inapita kwenye kioo kidogo cha simu ya batani. Ujumbe unaingia. Je, ni elfu kumi au laki moja? Tofauti ni sifuri moja, na sifuri ile haionekani. Basi mama anampa simu kijana wa jirani, au wakala mwenyewe, na pamoja na simu anampa namba ya siri. Kila kamati hapa ina habari ya mama aliyeibiwa kwa njia hiyo, na mara nyingi aliyeiba ni mtu wa nyumbani, kwa hiyo jambo likanyamazishwa. Tumefanya semina nyingi za kuwaonya akina mama wasitoe namba zao za siri. Mama anaitikia vizuri, halafu anatoka nje, ujumbe unaingia, na haoni.

Kwenye vikundi vya VICOBA jambo hili linafika mbali zaidi. Mhazini hodari, mwaminifu, aliyeshika daftari miaka mingi, siku moja anaomba kupumzika. Anasema amechoka, wajukuu ni wengi, vijana nao wapewe nafasi. Kikundi kinamshukuru kwa khanga na kuchagua binti wa miaka 25 ambaye mwakani ataolewa Dar es Salaam. Nimeshuhudia makabidhiano ya namna hiyo, na ukikaa na mama pembeni ukamwomba akusomee jumla ya ukurasa wa mwisho, utaelewa kilichomchosha. Hasemi, kwa sababu kusema ni kama kutangaza uzee, na mwanamke akishatangaza uzee wake watu huanza kumwondolea mambo mengine pia, hata sauti yake katika kikao. Tunapoteza viongozi kwa kitu ambacho dawa yake ni vipande viwili vya plastiki.

Sasa niingie kwenye utendaji, ambako nina maoni yangu na mtanivumilia.

Kwanza ni yale maboksi. Ndugu zetu wa ng'ambo, kwa upendo mkubwa, wamekuwa wakikusanya miwani iliyotumika na kututumia. Nawaomba kwa heshima zote waache. Miwani ya zamani ilitengenezwa kwa macho ya mtu mmoja, jicho la kulia na la kushoto kila moja na kipimo chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichambua miwani ya aina hiyo iliyokusanywa, ukakuta inayofaa kutumika tena ni 7 tu katika kila 100, na kwamba ukijumlisha kuchambua, kusafisha na kusafirisha, kila moja iliyofaa iligharimu dola 20 na zaidi, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya gharama ya kutoa mpya za kawaida. Yule anayelipa mzigo bandarini na kuupandisha hadi huku anaijua hesabu hiyo bila utafiti. Upendo ule ule ukigeuzwa kuwa fedha unanunua miwani mipya mingi zaidi, yenye vipimo vinavyojulikana, na ya sura ambayo mama hataona haya kuivaa kanisani. Hilo la mwisho lisidharauliwe. Mama hataki kuvaa fremu ya marehemu wa kizungu.

Pili, kipimo kifuate kazi. Watu wengi, wakiwekewa miwani mezani, huchukua yenye nguvu kuliko zote kwa sababu "inakuza". Lakini kila nguvu ina umbali wake. Kwa mtu ambaye lenzi yake imekakamaa kabisa, miwani ya 2.50 inaona vizuri kwenye sentimita 40, ambapo ndipo mshonaji anashika sindano. Ya 2.00 inaona kwenye nusu mita. Ya 1.50 inafika karibu sentimita 67, pale ulipo ungo mapajani au kichaka cha chai mbele ya mchumaji. Mchumaji akipewa ya 2.50 atainama mchana kutwa, mgongo utauma, na wiki ijayo miwani iko kwenye kopo juu ya kabati. Kwa hiyo tusiwapime akina mama kwa ukurasa wa maandishi peke yake. Ubao wenye herufi E zilizogeuzwa pande nne unamtosha asiyesoma, maana ataonyesha kwa vidole. Na zaidi ya ubao, aje na kazi yake: sindano na uzi, milulu, ungo wa mchele, simu yake mwenyewe. Aelezwe pia, tena mara mbili, kwamba miwani hii ni ya karibu. Akisimama avue au atazame juu yake. Anayetembea nayo atajikwaa na kusema imemharibu macho, na wanawake kumi watamwamini.

Kupima huku hakuhitaji daktari. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo mafupi kwa watumishi wa kawaida wa afya na wa jamii juu ya kutoa miwani ya karibu, na mwaka 2024 lilianzisha mpango uitwao SPECS 2030 wa kuhimiza nchi zifikishe miwani kwa wanaoihitaji. Upande wa Rungwe tuna hazina ambayo wengine hawana. Kwa ajili ya ugonjwa wa usubi, wanakijiji wamekuwa wakichagua watu wao wenyewe wa kugawa dawa nyumba kwa nyumba tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Wanazijua nyumba zote, wanajua kuandika daftari, na watu wamewazoea. Sioni kwa nini hao hao, wakiongezewa siku chache za mafunzo, wasipime macho ya karibu. Kazi yao nyingine itakuwa kutambua wasiostahili kupewa miwani na kurudishwa nyumbani: anayeona vibaya mbali pia, mwenye maumivu au wekundu, mwenye kisukari, mwenye jicho moja tofauti na jingine. Hao waandikiwe kwenda hospitali, na wa upande wa Mbeya wanaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Presha ya macho huanza kimya katika umri huu huu, na siku mama anapokuja kutafuta miwani inaweza kuwa siku pekee mtu atakayemtazama macho.

Tatu ni malipo, na najua hapa hatutakubaliana wote. Nashauri mama achangie kidogo, kiasi ambacho kamati ya usharika itakipanga yenyewe, na wajane na wasiojiweza wasamehewe bila kuitwa majina yao mbele za watu. Sababu yangu kubwa ni kwamba miwani haitolewi mara moja. Inakwaruzika, inakaliwa, mjukuu anaikunja. Na hata ikitunzwa, inayomfaa mama wa miaka 45 haitamtosha akifika 50. Mradi unaogawa mara moja, ukapiga picha na kuondoka, umempa mama miaka michache ya kuona na kumrudisha alikokuwa. Michango ile ikiwekwa mfuko mmoja, usharika unanunua nyingine, na akina mama wanajua zinapatikana kwa nani. Mfuko huo ushikwe na Idara ya Wanawake. Nasema hivi kwa sababu pale ambapo nyumba ina miwani moja, huishia mezani kwa baba pamoja na gazeti lake.

Wafadhili wetu, mnapotuma fomu za taarifa, naomba kile chumba cha "idadi ya miwani iliyotolewa" kiongezewe kingine: baada ya miezi sita, wangapi bado wanaivaa, na kwa kazi gani. Tutapata namba ndogo zaidi, na itatubidi kupanda pikipiki kwenda kuwauliza. Gharama ya pikipiki hiyo iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuhusu ratiba, tusianze kabla ya Juni. Mvua za Rungwe zinachelewa kuisha, na Novemba hadi Machi hakuna mama atakayeacha kupanda na kupalilia ili aje kupanga foleni. Siku ya gulio inafaa kuliko Jumapili, kwa sababu siku hiyo mama ana mchele wake mkononi na ana sababu ya kutoka nyumbani bila kuomba ruhusa. Tangazo lisomwe makanisani, misikitini kwa wenzetu, na kwenye vikao vya VICOBA, na neno "kusomea" lisiwemo. Liseme hivi: mama yeyote aliyetimiza miaka 40, anayepata shida kutunga uzi, kuchagua mchele, kusuka, kupima dawa ya mtoto au kuona namba kwenye simu, aje na kazi yake. Akina baba hawatafukuzwa.

Kila usharika unaombwa kupendekeza majina ya watu wawili wa kufundishwa, na angalau mmoja awe mwanamke aliyevuka miaka 40. Majina yapite kwa mchungaji na yafike ofisi ya miradi pamoja na taarifa ya robo mwaka. Maboksi ya miwani ya zamani ambayo bado yako sakristia msiyatupe wala msiyagawe. Tutayapitia pamoja wakati wa mafunzo.

 Nipo hapa hadi saa kumi kwa mwenye swali, na vipimo vichache nimekuja navyo kwenye mfuko.